Mume na Mke Waliokitumikia Chuo Chetu



Leo nataka kukueleza habari za watu wawili, mume na mke. Walifanya kazi katika chuo kimoja kidogo kwa miaka 35. Sitawataja majina, maana wenyewe hawapendi kutangazwa. Sisi wanafunzi tulimwita mume Fundi. Mke tulimwita Mama Chuo.

Chuo chenyewe ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Huenda kipo kingine kama hicho katika wilaya yako. Serikali ya Tanzania ilianzisha vyuo hivi mwaka 1975. Mwalimu Nyerere alikuwa amependezwa na vyuo vya watu wazima vya Sweden, na nchi hiyo ilitusaidia kuvianzisha vyetu. Mwanakijiji alichaguliwa na kijiji chake, akaenda kusoma, kisha akarudi kukitumikia kijiji.

Fundi na Mama Chuo walifika chuoni mwaka 1978. Walikuwa wamefunga ndoa mwaka huo huo.

KAZI YA FUNDI

Fundi alifundisha useremala. Karakana ilikuwa na mabenchi manne na misumeno michache. Somo la kwanza halikuwa kutengeneza kiti. Lilikuwa kunoa. Wiki nzima tulinoa patasi na visu vya randa. Alituambia kuwa chombo butu humchosha fundi na huharibu mbao.

Alitufundisha pia kukausha mbao. Tulizipanga kivulini, tukaweka fito kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Mbao mbichi hupinda. Ukitengeneza mlango kwa mbao mbichi, kiangazi kikifika hautafungika vizuri.

Mwaka 1979 Fundi na wanafunzi wake walipanda misindano nyuma ya karakana. Watu walicheka. Walisema atakuwa amehamishwa kabla miti haijakua.

KAZI YA MAMA CHUO

Mama Chuo aliajiriwa kufundisha ushonaji na upishi. Aliona kuwa wanawake waliokuja chuoni ni wachache, na wengine waliacha masomo katikati. Aliwauliza sababu. Wote walitaja watoto.

Basi akaomba chumba kimoja kilichokuwa stoo. Akakifagia, akatandika mikeka. Kila asubuhi aliwapikia watoto uji kabla ya kuingia darasani. Wakati akifundisha, wanawake walishika zamu ya kulea. Kazi hiyo ya watoto hakuilipwa hata senti moja kwa miaka mingi.

Mimi nilifika mwaka 1984, nikiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni. Katika mkutano wa kijiji, wazee wengine walikuwa wamesema mwanamke anayenyonyesha hawezi kusoma useremala. Chuoni nilimwacha mwanangu chumbani kwa Mama Chuo. Saa nne nilikwenda kumnyonyesha, kisha nikarudi kwenye benchi langu. Nilimaliza masomo yangu. Milango ya zahanati ya kijiji chetu niliitengeneza mimi.

Fikiri, ndugu msomaji. Ni Fundi aliyenifundisha kushika randa. Lakini bila chumba kile cha mikeka, nisingekanyaga karakana yake.

MIAKA YA SHIDA

Katika miaka ya 1990 fedha za chuo zilipungua sana. Chakula cha wanafunzi kilikuwa shida. Walimu wengine waliondoka. Fundi naye aliitwa kufanya kazi mjini kwa mshahara mara mbili.

Mama Chuo alinieleza baadaye jinsi walivyoamua. Fundi alitaka kwenda, kwa kuwa watoto wao wanne walihitaji karo. Mama Chuo akamwuliza, "Baba watoto, ukiondoka karakana itafungwa. Hawa akina mama walioacha nyumba zao niwaambie nini?"

Walizungumza kwa siku nyingi. Mwishowe walikubaliana kubaki, kulima ekari mbili za mahindi na kufuga kuku. Hata hivyo karo haikutosha. Mtoto wao wa kwanza alichelewa sekondari mwaka mzima. Mama Chuo aliponisimulia jambo hilo, alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Mwaka 1998 ile misindano ilikatwa. Wanafunzi walipasua mbao, wakatengeneza vitanda vya bweni la wanawake. Fundi akapanda mingine mahali pale pale.

Walistaafu wote wawili mwaka 2013. Hawakutajirika. Nyumba yao ya matofali waliimaliza kwa kiinua mgongo.

NASI TUFANYE NINI?

Leo nchi yetu ina vyuo vya namna hii zaidi ya 50. Vijana hujifunza useremala, uashi, kilimo, ushonaji na ufundi mwingine. Wasichana waliokatiza shule kwa sababu ya kupata mtoto nao hupokewa, na vyuoni wapo wanaosoma huku watoto wao wakilelewa hapo hapo. Nenda katika chuo kilicho karibu nawe, ukaulize masomo yaliyopo na ada yake.

Na kama jirani yako ana mtoto mchanga na anataka kusoma, usimwambie haiwezekani. Mwulize saa ngapi anahitaji mtu wa kumshikia mtoto.