Miaka ya Nyuzi na Waya

Kazi ya matairi nilifundishwa Ngarenaro, Arusha, na mzee aliyewahi kuajiriwa kwenye kiwanda cha matairi cha mjini hapo. Pikipiki wakati huo zilikuwa za kuhesabu: Yamaha AG100 za mabwana shamba, Honda XL125 za mapadri na watu wa miradi. Ugali wetu ulitoka kwenye malori na Land Rover. Mzee hakuwa msemaji, lakini alikuwa na mtindo wake: tairi likifia mikononi mwake halitupwi mpaka lipasuliwe. La nyuzi alilichana kwa kisu, la waya alilikata kwa msumeno wa chuma, kisha akatuita vijana tutazame ndani.

La nyuzi limesukwa kama ukili. Tabaka moja la nyuzi za nailoni linapita mshazari kutoka mdomo mmoja wa tairi hadi mwingine, la pili linakuja likilikata la kwanza, na mengine hivyo hivyo. Ubavu na uso wa tairi vimeshikana, ukiugusa huu na ule umeugusa. Radiali, ambayo sisi tunaiita ya waya, nyuzi zake hazikatani. Zinavuka moja kwa moja toka upande hadi upande, na juu yake, chini ya kashata, yaani meno ya uso wa tairi, unazungushwa mkanda mgumu. Hapo ubavu unaweza kubonyea bila kuusumbua uso.

Waliolijua hilo kuliko madereva wengi ni mafundi wa katambuga. Walikuja jioni kuchagua matairi yaliyokufa, na la waya hawakuligusa kabisa: kisu hakipiti, na waya zikichomoza zinamchoma mvaaji.

Mambo haya niliyajua kwa magari kwanza, na nikadhani nimeyajua yote. Pikipiki ni habari nyingine kwa sababu inalala. Gari likikata kona tairi zake hubaki karibu wima. Pikipiki inaegemea ubavu wa tairi na kuukabidhi uzito wote, wa chuma na wa mtu. Ndiyo maana Michelin walisajili hataza ya radiali ya gari mwaka 1946, lakini pikipiki zikasubiri hadi miaka ya 1980 ndipo radiali zikaanza kuzifaa. Ule ubavu laini uliomstarehesha mwenye gari ungemyumbisha mwenye pikipiki katikati ya kona. Dawa ilikuwa kuufupisha. Tazama tairi la nyuma la pikipiki ya mbio ya leo, 180/55ZR17: ile 55 inasema kimo cha ubavu ni asilimia 55 tu ya upana wa tairi. Ubavu mfupi unabonyea kidogo kwenye shimo, lakini hauna urefu wa kukunjika ovyo.

Tofauti yenyewe niliipata makalioni, si kwenye karatasi. Waendeshaji wa pikipiki kubwa walianza kupita kwetu, wengine kutoka Nairobi kupitia Namanga kwa matembezi ya wikiendi, wengine Wazungu wanaoshuka Afrika kutoka kaskazini hadi Cape Town. Ukimfungia mtu tairi lazima ulijaribu kabla hajakulipa, na mimi sikuwahi kumwachia kijana wa gereji kazi hiyo. Mwenyewe niliipenda mno.

Ukiilaza pikipiki yenye matairi ya nyuzi, uzito unausukuma ubavu, ubavu unauvuta uso, kashata zinajikunyata na kusugua lami. Unahisi kitu kinatembea chini yako kwa taratibu, halafu kinatulia. Kwa mwendo wa 60 au 70 mtembeo huo ni rafiki, unakupa taarifa mapema kwamba unakaribia mwisho wa uwezo wa tairi. Ukifika mwendo mkali, msuguano unakuwa joto, na joto ndilo adui mkubwa wa tairi la nyuzi. Tena likizunguka kwa kasi sana linatanuka, kitovu chake kinapanda na sehemu inayoshika lami inapungua. Radiali mkanda wake unaizuia kutanuka. Inapoa haraka zaidi, kwa hiyo kiwanda kinaweza kuipa mpira laini unaong'ang'ania barabara. Ukiilaza inakwenda palepale ulipoielekeza. Tatizo lake ni kwamba haikupi hadithi ndefu kabla ya kuteleza.

Kuna bwana mmoja aliingia na pikipiki kubwa yenye radiali mbele, 110/80R19. La nyuma lilikuwa limechanika njiani, akafungiwa la nyuzi alilolipata huko huko, upana na rimu vinalingana. Alidhani fremu imepinda. Alikuwa ameshakagua beringi za usukani, ameshakaza shoksi, ameshapoteza hela. Niliitoa barabara ya Makuyuni. Kwenye kila kona mbele iliitika papo hapo, nyuma ikafuata baadaye kidogo, na katikati ya hayo mawili mimi nikawa narekebisha usukani bila kukoma. Kwenye mstari ulionyooka, nilipovuka 100, mkia ukaanza kucheza. Fremu ilikuwa nzima kabisa.

Kuchanganya hivyo, waya mbele na nyuzi nyuma, hata wenye viwanda wanakukataza. Kinyume chake, nyuzi mbele na waya nyuma, zipo pikipiki zilizotoka hivyo kiwandani, kwa hiyo ukinionyesha kitabu cha pikipiki chenye ruhusa nitafunga. Bila kitabu sifungi. Nimewapoteza wateja kwa hilo na wameenda kufungiwa mtaa wa pili.

Bodaboda zilipojaa mjini, mwishoni mwa miaka ya 2000, kazi yetu iligeuka. Malori yakawa wageni, tukashinda tukiziba pancha za 2.75-18 na 3.00-18. Hapo ndipo nilipoanza kugombana na watu wanaosema tairi la nyuzi ni la maskini. Bodaboda inabeba mshikaki wa abiria, inabeba magunia ya mkaa, kreti za soda, mikungu ya ndizi kutoka Usa River. Inagonga mawe ya Sakina mchana kutwa kwa mwendo wa baiskeli. Ubavu mgumu wa tabaka zilizokatana ndio unaoustahimili mzigo huo, na likitoboka unalivua kwa vyuma viwili kando ya njia, unabandika kiraka kwenye tyubu, safari inaendelea. Radiali ya ubavu mwembamba ingepasuliwa na jiwe la kwanza.

Wala hao Wazungu wa masafa hawalidharau la nyuzi. Wengi nimewaona na 150/70B17 nyuma ya BMW zao. Ile B kati ya namba maana yake nyuzi za mshazari zilizoongezewa mkanda juu. Wenye R wanaipenda lami, wenye B wanajua barabara ya Dodoma zamani ilikuwaje.

Ila nyuzi za nailoni zina tabia zake. Pikipiki iliyolala na mzigo, asubuhi inagonga-gonga dakika za mwanzo kwa sababu tairi limeshika umbo bapa la mahali liliposimama. Likipata moto linanyooka. Vijana wanakuja mbio wakidhani rimu imepinda, nawaambia wazunguke hadi soko la Kilombero warudi, wakirudi wanacheka. Kibaya zaidi ni upepo. Nyuma naweka 32 kwa anayebeba abiria, na kesho yake geji inasoma 20, maana kijana amepunguza mwenyewe ili "iwe laini". Kisha anaikimbiza barabara ya Moshi na watu wawili mgongoni. Tairi la namna hiyo ukilishika jioni linakuunguza kiganja.

Siku hizi kuna mtindo wa tairi pana. Juzijuzi kijana mmoja wa Kijenge alikuja na Boxer ya rimu 17, amebeba begani radiali kuukuu iliyotolewa kwenye pikipiki ya mbio, 130/70ZR17.

"Shikamoo mzee. Nataka hii nyuma, ikae kibabe."

"Marahaba. Hiyo rimu yako ni ya tairi la 3.00. Ukiibana humo mabavu yatakunjwa ndani, uso utachongoka juu, utakuwa unaendeshea kwenye ncha. Na cheni itaitafuna."

"Mbona jamaa yangu amefunga?"

"Anaikataje kona?"

Akafikiri. "Anasema inakuwa nzito, halafu inadondoka ghafla."

Nikamsomesha zile namba nne za mwisho ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa: tairi lilikuwa na umri wa kumaliza shule ya msingi, mpira umekauka na kupata nyufa. Hakupenda. Tulimfungia 3.00-17 ya nyuzi, plai sita, nikaweka 32 mbele ya macho yake na kumwonyesha geji. Akalipa, akaniuliza kama yule muuzaji wa radiali atakubali kumrudishia hela yake, nikamwambia awahi kabla hajafunga duka.