Wembamba Una Majina Mengi

Kila anayejifunza Kiingereza hufika mahali ambapo "good", "big" na "thin" humchosha, akaanza kusaka visawe. Nami nilipoanza kufasiri mashairi nilijaza daftari zima vivumishi, kila neno la kawaida na jamaa zake. Daftari lile limenifunza kwamba jamaa hao hawakai nyumba moja.

Wingi wao una historia. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala ikulu na mahakama. Kilatini kilikuwa tayari kanisani na vitabuni. Ndiyo maana sifa moja ya kifalme ina maneno matatu: "kingly" la wenyeji, "royal" lililopitia Kifaransa, na "regal" lenye asili ya Kilatini. Hata hivyo, familia ya mfalme huitwa "royal family", wala hakuna aiitaye "kingly family".

Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza, alipochapisha Thesaurus yake mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mawazo, si kwa alfabeti. Alitaka mwenye wazo apate neno lake. Wengi wetu huenda kinyume: tunaokota neno la fahari, kisha tunalitafutia wazo.

Tazama "thin". "Slender" husifu umbo, na "slim" hukaribia hapo. "Skinny" aghalabu lina kejeli. "Gaunt" huonyesha uso uliotokeza mifupa kwa njaa, maradhi au majonzi. "Emaciated" ni neno la wodini, la mwili uliokwisha. Mshairi anayemwita mama yake mgonjwa "slender" hajavunja kanuni yoyote ya sarufi, lakini amemfichia msomaji ugonjwa wenyewe.

Tena neno hubeba yaliyowapata wasemaji wake. Nchini Uganda, katika miaka ya 1980, UKIMWI uliitwa "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Neno ambalo kamusi huliweka upande wa sifa likawa jina la msiba. Anayefasiri shairi la Mganda wa zama zile, akaandika "mwembamba" na kupita, amewazika wafu mara ya pili bila matanga. Hakuna orodha ya visawe itakayomwonya.

Kiswahili, kwa upande wake, hakina vivumishi vingi vya asili. Kazi hiyo tumewapa vitenzi na nomino. "Mwembamba" humweleza mtu alivyo. "Amekonda" humweleza alivyogeuka: ndani yake mna jana aliyokuwa na mwili, na swali la kilichompata. "Amedhoofu" hutaja nguvu zilizomtoka. "Kimbaombao" humsimamisha mtu mrefu, mwembamba, mbele ya macho yetu. "Thin" peke yake halisemi iwapo mtu alizaliwa hivyo au amepungua mwezi huu. Kwa hiyo nikifasiri "amekonda" huacha kusaka kivumishi kilicho bora zaidi, nikarudi kwenye kitenzi: "she has grown thin". Ni maneno manyonge, lakini wakati haukupotea.

Basi anayetaka kuukuza msamiati wake asiandike kisawe kando ya kisawe. Kando ya "gaunt" aandike uso; kando ya "slender", kiuno au shingo; kando ya "slim", aandike pia Uganda. Akishajua neno huandamana na nani, na limewahi kumzika nani, ndipo alitie katika ubeti.