Filamu Tatu na Swali la Binti Yatima



Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), naomba radhi kwa wasomaji waliozoea kunisoma nikieleza mirathi, udhu na adabu za chakula. Leo nitazungumza juu ya sinema. Najua wako watakaoulizana, "Maalim naye amepanga foleni ya tiketi?" Naam, nimepanga, tena mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na bisi nikanunua. Sifungui hapa mlango wa fatwa juu ya filamu. Wanazuoni wamelijadili jambo hilo, na kila mtu ana sheikh wake wa kumuuliza. Nasimulia tu aliyoyaona mzee mmoja aliyeketi gizani baina ya watoto wa nyumba yake, kisha akatoka na deni ambalo hakulijua alipoingia.

Kwanza tufahamiane juu ya msimu wenyewe. Marekani na Ulaya, Juni, Julai na Agosti ni miezi ya joto, na shule zao hufungwa. Mnamo Juni 1975 ilitoka filamu ya Jaws, ya papa mla watu, iliyoongozwa na Steven Spielberg, nayo ikavuta watu wengi mno hata watengenezaji wakajifunza kuweka filamu zao kubwa kwa miezi hiyo. Huku kwetu miezi hiyo ni ya kusi. Bahari imechafuka, mvua hupita na kurudi, na akina mama hutoa mashuka mazito sandukuni. Basi filamu hizo za msimu wa joto zilitufika mwaka wa 2025 nasi tumevaa masweta.

Wala sinema si jambo geni katika mji wetu. Nilipokuwa mdogo, marehemu mama yangu na majirani zake walikuwa wakijitanda buibui zao kwenda kutazama filamu za Kihindi. Wakirudi, hadithi nzima ilisimuliwa uani kwa wiki nzima, huku nazi zinakunwa na mchele unapetwa: nani aliyedhulumiwa, mama mkwe alikosea wapi, na baba yule angefanya nini lau angekuwa na imani. Sisi watoto tulizijua filamu ambazo hatukuziona. Nilipokua nikafahamu kuwa wazee wale walikuwa na hekima moja ambayo sisi tumeipoteza: hawakutazama kisha wakanyamaza. Leo mtoto hutazama peke yake, simu kiganjani, na analolipata humo hulala nalo peke yake.

Filamu ya kwanza tuliitazama nyumbani. Ni Inside Out 2, katuni iliyotoka Juni 2024. Humo mna msichana wa Kimarekani, Riley, mwenye umri wa miaka 13, na hisia zilizomo moyoni mwake zimepewa sura na sauti: Furaha, Huzuni, Hasira na wenzao. Anapobaleghe huingia hisia mpya, na kubwa yao ni Wahaka, kiumbe mwenye nywele zilizosimama, asiyetulia, anayepanga mambo ya kesho na keshokutwa hata moyo wa mtoto ukashindwa kupumua. Mimi nimefundisha madrasa kwa miaka mingi. Nimewafundisha wasichana hukumu za kubaleghe, toharani na swala, nami nikidhani nimewafikishia yote. Nikitazama katuni ile nilikumbuka nyuso za wanafunzi waliokuwa wakikosea aya waliyoihifadhi jana, nami nikawadhania uvivu. Tulifundisha twahara ya mwili. Khofu ya moyo hatukuiuliza. Akina mama, itazameni na binti zenu. Sikubali kila kilichomo, lakini ni mlango mwepesi wa kuuliza swali zito.

Ya pili ni How to Train Your Dragon, iliyofika Juni 2025. Imeongozwa na Dean DeBlois, aliyekuwa mmoja wa waongozaji wawili wa katuni ya mwaka 2010 iliyozaa filamu hii. Sasa wamo waigizaji wa nyama na damu. Kijana Hiccup ni mwana wa mkuu wa kisiwa kinachopigana na majoka. Baba anataka mtoto muuaji wa majoka. Mtoto amempiga joka mmoja, akamkuta amejeruhiwa, akashindwa kumuua. Kila kijana anapofungua kinywa, baba anamkata kauli. Mwisho anamkana mbele yake kwamba si mwanawe. Wavulana wa nyumba yangu walipenda majoka yanayoruka, na kwa kweli mtu huhisi upepo usoni. Mimi nilimtazama baba yule, mwenye ndevu kama zangu, anayewapenda watu wake na asiyesikiliza. Sifa yake ni kwamba baadaye alirudi akaomba msamaha. Wangapi katika sisi hufika hapo? Tunasema mzee haombi radhi kwa mtoto, kana kwamba dhuluma hufutika kwa wingi wa mvi.

Nimeiacha ya tatu mwisho, ingawa ndiyo tuliyoiona kwanza, katika siku za Idi Kuu. Ni Lilo & Stitch. Ilikuwa katuni mwaka 2002. Mwaka 2025 ilirudi na waigizaji. Hadithi ni ya ndugu wawili wa Hawaii waliofiwa na wazazi. Mkubwa anafanya vibarua na kumlea mdogo wake, Lilo, na serikali inawachungulia kama malezi yanafaa. Katikati yao anaanguka kutoka angani kiumbe wa bluu mwenye fujo, ambaye Lilo anamdhania mbwa. Yule dada mkubwa jina lake ni Nani, na mnaweza kukisia yaliyotupata. Mjukuu wangu aliuliza gizani, "Anaitwa nani?" Akajibiwa, "Nani." "Nakuuliza wewe, anaitwa nani?" Safu yetu nzima ikacheka, na bisi zikamwagika.

Kicheko hakikudumu. Katika watoto niliokuwa nao walikuwamo mabinti wawili wa marehemu ndugu yangu. Mama yao alitangulia, baba akafuata, Allah awarehemu wote wawili, na mabinti wakahamia kwetu. Mkubwa ana miaka 19, mdogo ana minane. Filamu ile ilikuwa ikisimulia nyumba yangu, nami sikuona mpaka ilipofika mwisho. Katika katuni ya zamani, ndugu hao hubaki pamoja. Katika hii mpya, Nani anakwenda California kusomea elimu ya viumbe wa baharini, na Lilo anabaki kwa mama mzee jirani aliyekuwa kama jamaa yao. Kuna chombo cha ajabu kinachomwezesha Nani kurudi kumwona mdogo wake, lakini kwenda amekwenda.

Tukiwa ndani ya tuktuk kurudi nyumbani, yule mdogo alinishika kanzu. "Ami, Nani amemwacha Lilo. Na dada akienda?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Dada yako haendi popote."

Niliona nimemtuliza mtoto. Dada mtu alikuwa ameketi upande wa pili. Aligeuza uso akatazama barabara, na hakusema neno mpaka tukafika.

Siku zilizofuata niliikosoa filamu hiyo kwa nguvu. Wako watu wengi, wakiwemo wa Hawaii kwenyewe, waliochukizwa na mwisho huo, wakisema hadithi iliyojengwa juu ya jamaa wasioachana imemalizika kwa kuachana. Niliungana nao. Barazani, baada ya Alasiri, niliwaambia wenzangu kwamba hawa watu hawajui thamani ya ndugu. Kwetu dada hamwachi mdogo wake yatima akafuate cheti. Wazee wakatikisa vichwa. Nilijisikia nimesema haki.

Kisha nafasi za vyuo vikuu zikatangazwa. Binti yetu alikuwa amepata nafasi ya ualimu wa hisabati, Eldoret, karibu kilomita 800 kutoka nyumbani. Alinionyesha kwenye simu, akaingoja nisome, kisha akasema kwa adabu, "Nitaiacha, Ami. Ulishasema siendi popote."

Nikamuuliza, "Mdogo wako atabaki na nani?" Hata sikutambua kuwa nimetamka lile lile lililotuchekesha gizani. Safari hii hakucheka mtu. Akainamisha kichwa, akarudi jikoni.

Usiku ule mke wangu alisubiri nimalize uradi wangu. Akaniambia, "Maalim, siku ya msiba ulisimama mbele ya watu ukasema nini?"

Nikamwambia, "Nilisema hawa ni wanangu."

"Basi mbona kazi ya baba umempa mtoto wa miaka 19? Unauliza mdogo atabaki na nani. Kwani mimi na wewe tuko wapi?"

Sikuwa na jawabu. Nimesimama juu ya mimbari nikiwaeleza watu jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoashiria kwa vidole vyake viwili ukaribu wake Peponi na anayemlea yatima. Nikadhani chakula, sare za shule na kitanda ndiyo malezi. Kumbe mzigo wa moyo wa mtoto yule nilikuwa nimeuacha juu ya mabega ya yatima mwenzake, kisha nikauita mapenzi ya ndugu.

Nililala nikiwaza sira ambayo naifundisha kila mwaka. Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa baba yake, Abdullah, ameshafariki. Alilelewa na Bi Halima jangwani, akarudishwa kwa mama yake, Bi Amina, naye akafariki mtoto akiwa na miaka sita. Akachukuliwa na babu yake, Abdul Muttalib, kwa muda wa miaka miwili; babu alipofariki, akaingia katika nyumba ya ami yake, Abu Talib. Pembeni alikuwapo Ummu Ayman, akimtumikia na kumpenda. Mikono mingi ilimpokea, na hakuna asemaye kwamba aliachwa. Yatima huachwa pale mkono mmoja unapomwachilia na mwingine haujanyooshwa. Na yuko yatima anayeachwa ndani ya nyumba iliyojaa watu, kwa sababu kila mmoja amedhani yuko mwingine anayemshika.

Asubuhi nilimwita dada mtu, nikamtaka radhi. Haikuwa rahisi, nilikumbuka yule baba wa majoka. Nikamwambia nafasi ile ni yake na mdogo wake ni wetu. Alilia, na sikujua kama ni kwa furaha au kwa uchovu wa kubeba. Halafu nikaketi na yule mdogo ukumbini. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi juu ya elimu na kheri zake. Yeye alikuwa na maswali mawili tu: "Nitalala na nani?" na "Atanipigia simu saa ngapi?"

Tukakubaliana alale na binti yangu wa mwisho, na simu ipigwe kila siku baada ya Isha. Sisi hatuna kile chombo cha ajabu cha kupenyeza mtu kutoka nchi hadi nchi. Tulikwenda stesheni ya treni Miritini na sanduku moja, mkoba wa mahamri na machozi yetu. Mdogo alilia mpaka treni ikapotea, na usiku ule alikataa kula. Sitawaambia kwamba yote yamekwisha kuwa mepesi. Zipo siku mtandao unasumbua na simu inachelewa, naye hukaa karibu na mlango hajisemezi. Siku hizo mimi huacha kitabu changu nikaketi naye.

Kwa hiyo nimebadilisha rai yangu juu ya filamu ile. Bado naona waliisimulia safari ya Nani kwa wepesi, na jirani yule alistahili kupewa nafasi kubwa zaidi, tumwone akimlea mtoto na siyo kumpokea mwishoni tu. Hiyo ni kasoro, na waliochukizwa wana haki yao. Lakini kosa nililolikuta humo la dada kwenda zake, nilikuja kuona kwamba halikuwa kosa. Swali la haki ni kama kuna mtu amesimama pale alipoondoka. Nimerudi barazani nikayasema hayo pia, na baadhi ya wazee hawakutikisa vichwa.

Nasaha zangu ni chache, mama zangu na dada zangu. Kabla ya kuwapeleka watoto sinema, tazameni alama iliyowekwa na bodi ya uainishaji wa filamu ya nchi yetu: GE ni ya watu wote, PG yahitaji mwongozo wa mzazi, na zile za 16 na 18 si za watoto wenu. Chagueni onyesho lisilokula wakati wa swala. Kaeni nao, msiwatupe mlangoni. Kisha, mkirudi, fanyeni kama mama zetu uani: zungumzeni. Muulize mtoto ni nani aliyemhurumia na ni wapi alipoogopa. Na kama katika nyumba yako yumo yatima, usingoje filamu ikuulizie. Mwambie kwa ulimi wako, leo, ni nani atakayekuwa naye.

Allah awalee mayatima wetu kwa mikono yetu, na atusamehe pale mikono hiyo ilipochelewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.