Nionyeshe Tundu la Uti

Picha hufika jioni, mtandao unaposhika huku kwetu Mwese: kichwa cha mkuki juu ya kitambaa chekundu, na muuzaji kaandika, "Chuma cha malungu, cha babu wa babu." Mnunuzi yuko Mpanda au Dar, ananiuliza, "Fundi, hiki cha kweli?" Mimi ni mhunzi. Namjibu: mwambie apige picha ndani ya tundu la uti.

Mhunzi wa zamani hakuwa na umeme. Alikipiga kitako kikawa bapa, akakikunja, kingo zikakaribiana zikabaki na mwanya. Mwanya huo ndio ninaoutafuta. Nikiona mshono uliovimba, wenye mawimbi kama magamba ya samaki, hapo imepita mashine ya kuchomelea.

Somo hili lilimgharimu mtu. Nilipoanza kazi hii nilimthibitishia mwalimu mmoja mkuki kwa picha ya upande mmoja tu. Alipouleta nikafuta grisi iliyojazwa tunduni, nikakuta mshono. Pesa alishatoa, na aliyemwambia atoe ni mimi.

Wafipa, kusini mwetu, walichoma mawe ya chuma katika malungu, matanuri ya udongo marefu kumpita mtu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kisha walikisafisha chuma katika tanuri dogo, kintengwe, hapo sasa mivukuto ikifanya kazi. Chuma hicho hubaki na mavi yake, yaani takataka za mawe, ndani. Ukikwaruza kidogo kwa tupa ukingoni mwa tundu, ukapaka ndimu, nyuzi hujitokeza kama za ubao. Springi ya gari, ambayo waghushi huifua iwe mkuki, haina nyuzi hizo.

Kutu nayo: ya tindikali ya betri ni ya rangi ya chungwa na hubaki kidoleni, ya miaka mingi ni nyeusi na imeng'ang'ania. Wanaosugua mkuki wa kweli kwa msasa ili ung'ae huniumiza kuliko wanaoghushi, maana walichokifuta hakirudi. Na mnunuzi akiwa nje ya nchi, namkumbusha muuzaji kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali.

Juzi kijana mmoja alinitumia picha ya tundu. Mwanya upo, na ndani kimebaki kipande cha uti kilicholiwa na mchwa. Nikamwambia asikitoe, wala asitaje bei; kwanza amuulize bibi yake mkuki ulikuwa wa nani.