Tela la Jeshi kwenye Mteremko wa Bugarama

Mtu akitaka kununua tela, marafiki humuuliza kwanza kama gari lake lina nguvu ya kulivuta. Sisi wa Gihosha, mtaa wa Bujumbura, ambao karibu kila safari yetu ni kupanda au kushuka, tuna swali lingine la kutangulia: utalizuia kwa kitu gani?

Langu lilitoka jeshini. Nililifuata Muramvya kwa Land Cruiser kuukuu, uani kwa muuza vyuma chakavu. Bodi nene, springi ngumu, ekseli ya kupita pasipo na barabara. Matairi yalinishangaza zaidi. Meno yake hayakuwa yamelika hata kidogo, ila ubavuni palikuwa na tarakimu nne, 1404, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2004, na mpira wote umejaa nyufa nyembamba. Yalikuwa yamezeekea palepale yalipoegeshwa. Nawajua watu waliojitunza hivyo: hawakuoa, hawakufungua duka, hawakugombana wala kupatana na mtu, wakingoja siku iliyo salama zaidi. Kwa nje hawana mkwaruzo. Nikiwaona nawahurumia kuliko walioanguka njiani. Matairi niliyabadilisha kabla ya kuondoka.

Mzee mmoja fundi wa Buyenzi alikuwa ameshanitayarisha. Matela mengi ya jeshi yana pete nene ya chuma, tundu lake milimita 76, na haiingiani na kile kichwa cha mviringo cha milimita 50 kilichoko nyuma ya magari ya kiraia. Alinifungia ndoano ya taya yenye pini ya kufungia, na minyororo miwili ya kupishana chini yake. Akanionya kuhusu taa: za jeshi mara nyingi ni za volti 24, na kwenye gari la volti 12 zitawaka kwa unyonge, anayekufuata asikuone. Kisha akauliza, "Mwanangu, breki ya gari unaikanyaga wewe. Ya tela anaikanyaga nani?"

Tela hilo lilikuwa na breki yake, ile inayojikaza yenyewe tela linaposukuma mbele, na mzee alikuwa amenikataza kuondoka Muramvya bila kuiondoa kutu na kuijaribu.

Bugarama ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bujumbura haifiki 900. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kama kilomita 35 za kona. Pale juu nilisimama kugusa vitovu vya magurudumu kwa mgongo wa mkono, maana beringi zilizokaa miaka bila grisi mpya huchemka kabla hazijalia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kabichi alikuwa amelikodolea macho tela. Akaniuliza kwa Kirundi kama askari wanarudi. Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyoanza 1993, barabara hiyo ilikula watu wengi. Nikamwambia ni la kubebea mawe. Aliliangalia tena, rangi ile ya kijani, bila kujibu. Siku ileile niliamua litapakwa nyeupe, na limepakwa. Kitu kinaweza kubadilishwa kazi kwa siku moja. Aliyekiogopa anahitaji muda, na muda huo ni haki yake.

Tukashuka kwa gia ya pili, vijana wa baiskeli wakitupita na mikungu yao ya ndizi. Wakati wa kupanda, mzigo ulio nyuma unakusihi. Wakati wa kushuka unakuamuru. Mimi ni mkubwa kwetu, na nyuma yangu kuna wadogo, ada za shule, na madeni niliyoyadhamini. Miaka mingi nimesifiwa kwa kuvuta. Kwenye kona zile nilielewa kwa nini mzee aliuliza vile. Wanaonifuata wanahitaji breki zao wenyewe, na mimi ndiye wa kuhakikisha wanazo: mdogo wangu ajue bei ya mafuta siku yanapopatikana, ajue deni linalipwa vipi, aweze kusema hapana hata kwangu. Nikimbebea kila kitu, siku nitakayoteleza atanisukuma bila kutaka.

Sasa tela linapeleka mawe kwa majirani waliojenga karibu na korongo la Ntahangwa, mto unaokula kingo zake kila masika. Mdogo wangu ndiye anayeendesha. Kabla ya kila safari hupiga magoti, hukagua pini na minyororo, kisha huomba mtu amtazamie taa za nyuma. Jana aliukataa mzigo wa jirani kwa kuwa ulizidi, na jirani akaja kwangu kulalamika. Nilimrudisha kwa mdogo wangu.