Ngeta na Heian Sandan

Nimefundisha karate Eastlands, Nairobi, tangu 1987: Makadara, Jericho, kisha Kaloleni, ambako ukumbi ukikodishwa kwa harusi sisi hutoka nje kufanyia mazoezi chini ya miti. Kwa miaka mingi sikupenda maswali. Mwenye mkanda mweupe alitakiwa afuate hesabu tu.

Akaja binti mmoja wa Makongeni aliyefanya zamu ya usiku kiwandani, ng'ambo ya reli. "Sensei, nikipigwa ngeta nifanyeje?" Asiyeijua Nairobi na ajue: ngeta ni mkono wa mwizi unaokukaba shingo kutoka nyuma, huku mwenzake akikupekua mifukoni. Nilimwambia amalize kwanza kata, ule mfululizo wa miondoko iliyopangwa. Darasa likacheka, nami nikajiona mwalimu kwelikweli.

Mwezi haukuisha, ngeta ikanipata mimi, kando ya Barabara ya Jogoo, saa tano usiku. Mikono ya mkanda mweusi ilining'inia tu. Simu ikaenda, viatu vikaenda, hata begi lenye gi, sare yangu ya karate. (Wiki nzima niliitafuta sokoni Gikomba, nisiione.)

Nikairudia kata niliyokuwa nikiifundisha miaka yote, Heian Sandan, mojawapo ya kata za Heian. Anko Itosu wa Okinawa alizitunga kata hizi mwanzoni mwa karne ya 20 ili zifundishwe shuleni, akaziita Pinan. Mwanafunzi wake Funakoshi ndiye aliyekuja kuziita Heian. Sasa tazama Heian Sandan inavyoishia: unageuka, ngumi moja inapita juu ya bega kwenda nyuma, kiwiko cha mkono wa pili kinapiga nyuma, mwili unateleza kando. Nilikuwa nikikagua magoti tu kama yamekunjwa sawasawa. Sikuwahi kumweka mtu nyuma ya mwanafunzi.

Tukamweka. Ngumi peke yake haimbandui mwizi. Kwanza ubane kidevu kifuani, uvute ule mkono chini kwa mikono yote miwili, ndipo kuteleza kando kunapokuwa na maana. Tukafanya hivyo tukiwa na viatu na jinzi, juu ya saruji. Mkongwe mmoja akanishutumu kwamba nimeivunjia karate heshima. Sikubaliani naye: kuinama bado tunainama, na hesabu bado ni ya Kijapani. Ila kabla ya yote huwaambia, mtu akisimama mbele yako akataka simu, mpe.

Yule binti nilimwomba radhi mbele ya darasa. Siku hizi ndiye anayewakaba wanafunzi wapya, na hakabi kwa huruma.