Maji ya Tegeta na Rejeta za Dizeli

Injini ya dizeli huchemsha pale inapozalisha joto kwa kasi kuliko rejeta inavyoweza kulipeleka hewani. Robo ya nishati iliyomo kwenye mafuta, pengine hata theluthi, huishia kwenye maji yanayozunguka ndani ya injini, na pampu, thamostati, feni na rejeta hufanya kazi ya kuitoa nje bila kupumzika. Kimojawapo kikilegea, dalili ni ileile: mshale wa geji unapanda, mvuke unafuka chini ya boneti, dereva anaegesha pembeni. Dalili ni moja, vyanzo ni vingi, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Tegeta, Dar es Salaam, kwenye barabara ya Bagamoyo, namna ya kukitafuta chanzo hicho imebadilika kabisa katika umri wa fundi mmoja.

Katika miaka ya 1990 gereji ya hapo ilikuwa kivuli cha mwarobaini, jeki mbili, na shimo lililochimbwa kwa jembe. Magari ya kazi yaliyoletwa yalikuwa Land Rover 109 zenye injini ya dizeli ya lita 2.25, na Land Cruiser zilizonunuliwa kwenye minada baada ya kutumikia miradi ya mikoani. Miongoni mwa hizo zilianza kuonekana zile zenye injini ya 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Gari lenyewe watu walilibatiza Mkonga, kwa ajili ya bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele.

Mwandishi wa kumbukumbu hii alikuwa kijana wa kupokeza spana, na tiba ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa kung'oa thamostati. Hoja yake ilionekana haina shaka: Dar es Salaam ni joto mwaka mzima, basi kidude kinachozuia maji hadi yafike nyuzi 76 au 82 kina faida gani? Kilitolewa, kikatupwa kwenye kopo la skrubu, na gari likaondoka. Magari kadhaa yalirudi yakichemsha zaidi ya mwanzo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Jibu limo kwenye umbo la kidude chenyewe. Thamostati za injini nyingi za Toyota zina visahani viwili: kimoja hufungua njia ya rejeta, na kingine, wakati huohuo, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka tena na tena bila kuiona rejeta. Kopo lile la skrubu lilikuwa na thamostati nyingi nzima. Kuipima hakukuhitaji zaidi ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa na uzi wa kuining'inizia, lakini ilichukua miaka kabla ya gereji kuanza kufanya hivyo.

Chanzo kikubwa kuliko vyote kilikuwa kikimiminwa kwa mkono. Tegeta imekaa chini ya mlima wa Wazo, ambao mawe yake ya chokaa yanalisha kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1960. Bomba kubwa la maji la Ruvu Chini linapita jirani tangu mwaka 1976, lakini nyumba na gereji nyingi ziliishi kwa visima, na maji ya visima vya upande huu ni ya chumvi na yenye chokaa. Kila mama wa nyumbani alilijua hilo kwa kutazama ndani ya birika: ganda jeupe, gumu, ambalo siki huling'oa kwa shida. Ndani ya injini hali ni hiyohiyo, ila huko hakuna anayechungulia. Gari lililovuja kidogo liliongezwa dumu la maji ya kisima kila asubuhi, na kila dumu liliacha chokaa yake kwenye vijibomba vya rejeta na kwenye kuta za silinda. Ganda hilo hupitisha joto vibaya sana. Chumvi nayo ikala pampu na vifuniko vya chuma vya bloku hadi vikatoboka, uvujaji ukaongezeka, na madumu yakaongezeka.

Rejeta ya wakati ule ilikuwa ya shaba, na iliweza kusamehe. Fundi wa kulehemu alifungua tangi la juu kwa moto, akapitisha ubapa mwembamba wa chuma katika kila kijibomba hadi mwanga uonekane upande wa pili, kisha akarudishia tangi. Ilikuwa kazi ya siku nzima, na ya heshima. Rejeta mpya nyingi zinazouzwa sasa ni za alumini zenye matangi ya plastiki; zikiziba hazifunguliwi, hununuliwa nyingine. Wale mafundi wa kulehemu wamebaki wachache, na huo ni upotevu wa kweli, maana ndio waliokuwa wa kwanza kuona kilichomo ndani na kumwambia mwenye gari aache maji ya kisima.

Mazoea ya zamani yalivunjwa na injini mpya. Land Rover ya lita 2.25 ilikuwa na silinda hedi ya chuma cha kusubu. Ilichemka, ikapoozwa, ikaendelea. Miaka ya 2000 yakaja kwa wingi magari ya mtumba kutoka Japani, Hilux Surf na Prado zenye injini ya 1KZ-TE ya lita 3 yenye tabo, na silinda hedi yake ni ya alumini. Alumini hutanuka haraka kuliko chuma cha bloku, na ikizidiwa na joto hupinda au hupasuka. Surf moja ilisimama chini ya mwarobaini ikifuka mvuke, mtu akafungua mfuniko na kumimina maji baridi injini ikiwa bado ya moto. Ulisikika mlio mdogo, kama kikombe kinachopata ufa. Silinda hedi ilikwenda, na bei ya nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani ilikuwa kubwa kiasi kwamba gari lilikaa pale kwa miezi. Tangu siku ile, kwenye gereji hiyo mfuniko haufunguliwi mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono bila kuunguza.

Tangu hapo kazi huanza kwa maswali, spana baadaye. Linachemsha wapi? Likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, tatizo liko kwenye hewa: feni, au kava inayoelekeza upepo wa feni, ambayo mafundi wengi huitoa wakati wa matengenezo na wasiirudishe. Likitulia kwenye foleni na kuchemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, maji hayapiti ya kutosha, na wa kushukiwa ni rejeta iliyoziba. Barabara ya Mwenge hadi Tegeta ilipopanuliwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2010, aina hii ya pili ilijitokeza ghafla. Magari yaliyokuwa yakijikongoja miaka yote yalipata nafasi ya kukimbia, na chokaa ya zamani ikaonekana.

Feni ya dizeli hizi nyingi huendeshwa kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni ikisukumwa kwa kidole inapaswa kugoma. Ikizunguka kwa wepesi, silikoni imeisha. Zamani klachi ilichomelewa iwe kitu kimoja na feni, na gari likanguruma na kula mafuta maisha yake yote. Kuijaza silikoni upya ni kazi ndogo. Vumbi na mbegu za majani zilizojaa kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi huoshwa kwa maji yanayotoka upande wa injini kwenda mbele. Kwa presha ndogo, la sivyo mapezi yanalala.

Geji ya dashibodi haitoshi kuaminiwa. Katika Land Cruiser na Prado nyingi mshale hukaa palepale katikati hata joto likipanda kwa nyuzi nyingi, na unapoanza kusogea, muda wa kuokoa injini umebaki mdogo. Maji yakiisha kabisa, kihisi hubaki hewani na mshale unaweza kushuka, dereva akadhani gari limepoa. Kwa hiyo hutumika kipimajoto cha kuelekeza, ndugu wa kile kilichoelekezwa kwenye paji la uso wa kila mtu mwaka 2020. Kikipitishwa polepole juu ya uso wa rejeta, eneo lililoziba hujionyesha kwa kuwa baridi kuliko jirani zake.

Linalobaki ndilo linaloogopwa: gasket ya silinda hedi. Hapa dalili za zamani bado ni nzuri. Hozi ya juu inayokakamaa dakika ya kwanza baada ya kuwasha asubuhi, kabla maji hayajapata joto, inasema gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta yanasema hivyohivyo, na mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa yanasema maji yamekwenda upande wa pili. Vipimo viwili vimeongezwa. Pampu ya mkono hufungwa mahali pa mfuniko na kujaza presha ileile ya mfuniko, mara nyingi karibu na baa 0.9, kisha mshale wake huangaliwa kama unashuka; mfuniko nao hupimwa, kwa kuwa presha hiyo peke yake hupandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi karibu 120. Kipimo cha pili ni majimaji ya buluu yanayovutiwa hewa ya juu ya rejeta. Yakielekea kijani au njano, kuna gesi ya mwako.

Chanzo kikipatikana na kurekebishwa, mfumo hujazwa kulanti iliyochanganywa na maji ya betri yasiyo na asidi, au maji ya mvua yaliyokingwa safi. Pua ya gari huinuliwa, na kama mabomba ya hita hayajakatwa na kuunganishwa, jambo ambalo magari mengi ya Dar es Salaam yamefanyiwa, hita hufunguliwa ili hewa itoke. Injini huachwa ikinguruma hadi thamostati ifunguke na maji yashuke, kisha hujazwa tena. Gari hupandishwa mlima wa Wazo na kurudi, likalala. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mfuniko hufunguliwa na kina cha maji hutazamwa.